Siku Zisizoandikwa: Njaa, Homa na Kipande katika Handeni na Korogwe

Mchunguzi wa uchumi atakaye kujua namna ufukara unavyozaa maradhi, na maradhi nayo yakarudi kuzaa ufukara, na ashike kwanza njia itokayo Korogwe, penye Mto Pangani na mashamba ya mkonge, hadi Handeni, nchi ya Wazigua, ambako mvua ni chache na hazina miadi. Kwani ardhi hiyo ina tarihi yake, na aliyeisoma hatashangaa kuona kwamba mwenye ghala tupu ndiye aghalabu mwenye mgonjwa kitandani.

Katika miaka ya 1830 njaa kuu iliiangukia Uzigua, na masimulizi ya wazee yasema kwamba wapo waliojiweka rehani kwa watu wa pwani, wao na watoto wao, ili wapate chakula, na wapo waliopakiwa vyomboni hata wakafika Bonde la Juba huko Somalia. Huko wazao wao waliitunza lugha ya Kizigua vizazi kwa vizazi, mpaka vita vya miaka ya 1990 vilipowarudisha baadhi yao wakiwa wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, katika wilaya ile ile ya Handeni.

Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, ameeleza jinsi wenye akiba ya nafaka hapo kale walivyowakusanya watu, na watu wakafyeka pori, na pori likiisha kufyekwa mbung'o na kupe hukosa maskani. Lakini yalipofuatana nzige, njaa za miaka ya 1890, na utawala wa Wadachi uliodai kodi na nguvu za wanaume, fungamano lile lilikatika. Pori likarudi, ndigana, maradhi ya mifugo, ikarudi nalo, ng'ombe wakafa, na mkulima asiye na ng'ombe akawa hana cha kuuza mwaka wa ukame.

Reli itokayo Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukatanda kandokando yake. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka mbali, Unyamwezi, Ungoni na Urundi, na kila mmoja alipewa kipande, karatasi ya kuhesabia siku thelathini za kazi. Aliyeamka kabla ya jua, akakata majani yenye miiba, akayafunga matita na kuimaliza ngwe yake, siku yake iliandikwa. Ilhali aliyeshikwa na homa, akajifunika blanketi akitetemeka, siku yake haikuandikwa, na ujira ulingoja mpaka thelathini zitimie. Hivyo mwezi wa mgonjwa ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mzima, na deni lake dukani likarefuka vivyo hivyo. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa mkonge upatao tani 230,000, na kila tani ilikuwa na daftari lake. Homa haikuwa na daftari.

Mwalimu Nyerere alipowataja ujinga, maradhi na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa, watu wa Korogwe na Handeni walikuwa wamekwisha kuwajua maadui hao kwa jinsi wanavyosaidiana. Hata hivyo heri nayo imetoka huko huko: mwaka 2007 watoto wa Korogwe, pamoja na wenzao wa Kilifi, 894 kwa jumla, waliingia katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika.

Basi mchunguzi aketipo leo barazani kwa mkulima, akamwuliza, «Mwezi uliopita, ugonjwa ulikuzuia kushika jembe siku ngapi? Na mama watoto alikaa siku ngapi kumwuguza mtoto?», asidhani anauliza jambo dogo. Anaziandika siku ambazo kipande kiliziacha wazi, na taifa lisiloziandika siku hizo halitajua kamwe umaskini wake umetoka wapi.