Mwenye kurudi anarudi na nini? Mfano wa waratibu wa Japani



Mtu akirudi nyumbani, watu wanaangalia mizigo. Lugha na desturi alizojifunza hazionekani ndani ya valizi, njo maana hazihesabiwi. Lakini iko nchi moja iliyozihesabu na kuzilipia mshahara: Japani.

Miaka ya 1980 Japani iliiuzia Marekani vitu vingi kuliko ilivyonunua kwao, na Wamarekani wakalalamika kwamba nchi hiyo imejifunga. Serikali ya Nakasone Yasuhiro ikatafuta namna ya kufungua mlango. Mwaka 1987 programu ya JET ikaanza: vijana 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na Nyuzilandi waliletwa kufanya kazi mijini na hata vijijini. Wengi wakawa wasaidizi wa walimu wa lugha. Wachache wakapewa kazi ya mratibu wa uhusiano wa kimataifa.

Mratibu hakai shuleni. Anakaa ndani ya biro ya mkoa ao ya mji, pamoja na wafanyakazi wa serikali, na lazima ajue Kijapani mbele ya kuja. Anatafsiri barua za mji rafiki wa ng'ambo, anakalimani wageni wakifika, anatayarisha sikukuu, anaelezea wenyeji maisha ya kwao. Ni kazi ya kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana.

Lakini kontra ni ya mwaka 1, na hata ikiongezwa haipiti miaka 5. Halafu anarudi. Biro inapoteza mtu aliyekwisha kuzoea, na yeye anafika kwao ambako ujuzi wake hauna mwenye kuuliza. Njo sababu mwaka 1989 waliorudi wakaunda shirika lao, JETAA: kupokea wanaorudi, kusaidiana kupata kazi, kutunza urafiki. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami ilipopiga kaskazini-mashariki, walimu 2 wa programu walikufa pamoja na maelfu ya wenyeji. Waliokuwa wamerudi makwao zamani wakachanga pesa kwa ajili ya watu wa kule.

Sawa, wale walienda kwa kupenda, na tikiti ililipwa. Wetu walikimbia vita. Lakini aliyeishi miaka Nyarugusu, kule Kigoma, naye amejifunza kukaa katikati: anajua Kirundi, Kiswahili cha Tanzania, pengine Kiingereza, na namna ya kusema na wakubwa wa mashirika. Leo anaitwa kukalimani kwenye kituo cha afya, halafu anaambiwa tu "aksanti".

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Komite iandike ujuzi wa kila mwanamemba kwenye daftari, kama inavyoandika michango. Na wafadhili, mkipanga bajeti, muweke mstari wa mkalimani. Kazi ni kazi, hata ikifanywa kwa mdomo.