Jinai ndogo, jinai kubwa

“Jinai” ni neno la Kiarabu, na kwao ni zito. Sheria ya Misri huyapanga makosa katika ngazi tatu: jinaya kwa yale makubwa, junha kwa ya kati, na mukhalafa kwa madogo kabisa. Kiswahili kilichukua hilo la kwanza tu, kikalibebesha yote, tangu matusi ya kilabuni hadi mauaji.

Ukubwa wa kosa basi hupimwa kwa adhabu. Kanuni za Adhabu za Tanzania Bara na Kenya huliita kosa kubwa likiwa linaadhibiwa kwa kifo au kifungo cha miaka 3 na kuendelea, isipokuwa pale sheria yenyewe inapolitaja kuwa dogo au kubwa. Yaliyobaki yote ni madogo.

Chukua kofi. Likiishia kwenye maumivu ya kupita, ni shambulio la kawaida: kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Likipasua mdomo, linakuwa shambulio la kudhuru mwili, na kifungo kinaweza kufika miaka 5. Mkono ni uleule.

Anayeponzwa zaidi na mizani hii ni mwizi wa kuku. Mtaani ni kibaka tu, lakini wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 7 Tanzania Bara na 3 Kenya. Kosa kubwa hilo!

Uingereza, ulikotoka mgawanyo huu, iliufuta kwa sheria ya mwaka 1967. Huku kwetu bado upo. Mwandishi wa habari za mahakama asiandike “kosa dogo” kabla ya kusoma kifungu.