Mchanganyiko wa habari na burudani (Tanzania)

Mchanganyiko wa habari na burudani ni mtindo wa utangazaji unaozipa habari ladha ya burudani, au unaoibebesha burudani kazi ya kuelimisha. Nchini Tanzania mfano mashuhuri wa awali ni mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Kupitia dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu, wasikilizaji walifundishwa uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Mtambo wa Dodoma haukuurusha hadi 1995, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha.

Baada ya vituo binafsi kuruhusiwa, umbea wa mastaa ulipata vipindi vyake. Kimojawapo ni Shilawadu cha Clouds TV, na ndicho kilichoonyesha jinsi mpaka kati ya udaku na siasa ulivyo mwembamba. Usiku wa Machi 17, 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia kituoni hapo akiwa na askari wenye silaha. Kamati ya uchunguzi iliripoti kuwa alishinikiza irushwe habari kumhusu Askofu Josephat Gwajima. Ajabu, habari nzito kiasi hicho ilitakiwa ipite mlango wa umbea! Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliipokea ripoti Machi 22. Kesho yake Rais Magufuli alimteua Harrison Mwakyembe kushika nafasi yake.