Kenya: Kifaa kidogo cha kupimia kelele na mpaka wa desibeli 35

Mkazi wa Kenya anayekoseshwa usingizi na baa, nyumba ya ibada au karakana iliyo jirani analindwa na sheria. Anachokosa mara nyingi ni namba za kuonyesha. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja, humwezesha kuzipata kwa gharama nafuu.

Sheria inasemaje

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku, nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Usiku huhesabiwa kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila ongezeko la desibeli 10 ni nishati ya sauti mara kumi. Kwa hiyo muziki wa desibeli 65 usiku una nishati mara 1,000 ya ile inayoruhusiwa.

Kifaa kinavyofanya kazi

Kipaza sauti cha kidijitali, kama vile INMP441, huunganishwa na maikrokontrola kama ESP32. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa maelfu ya namba kila sekunde. Programu huzichuja namba hizo zilingane na usikivu wa sikio la binadamu, ambalo husikia sauti nzito kwa udhaifu, kisha hukokotoa wastani wa nishati.

Hapo ndipo wengi hukosea. Ikiwa dakika moja ina desibeli 50 na inayofuata 70, wastani wake si 60, bali takriban 67.

Mipaka yake

Kabla ya kuaminiwa, kifaa hulinganishwa na chombo kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, kwa kawaida desibeli 94. Upepo, mvua na ukuta ulio karibu hupotosha vipimo.

Aidha, kipaza sauti cha aina hiyo kina mchakarisho wake wa ndani wa takriban desibeli 33. Kwa sababu hiyo kinaweza kuonyesha bila shaka kwamba kelele imefika 60, lakini hakifai kuamua kama mtaa uko kwenye 34 au 36.

Mita rasmi hutengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa namba 61672, na kifaa cha kujiundia hakichukui nafasi yake. Manufaa yake ni kumbukumbu: saa ambazo kelele hupanda, muda inaodumu na siku inazojirudia. Mlalamikaji mwenye orodha hiyo huweza kumweleza ofisa wa mazingira aje lini na mita yake.

Jambo moja halina budi kuzingatiwa: kifaa kihifadhi namba pekee, kisirekodi mazungumzo ya majirani.