Nyeusi Yenye Mng'ao: Kutoka Baiskeli ya Pamba hadi Bodaboda ya Bariadi

Msimu uliopita wa pamba nilisimama mjini Bariadi, katika kibanda cha fundi kando ya barabara iendayo Lamadi, nikisubiri pancha izibwe. Pembeni yangu kijana wa bodaboda alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki nyeusi tititi: tangi jeusi, rimu nyeusi, hata bomba la moshi limepakwa rangi nyeusi. Mkononi alishika mfuko wenye vioo vya pembeni vya kung'aa, pete ya taa ya mbele na ukanda wa kromiamu wa kuzungushia tangi. Alivifunga kimoja kimoja, akirudi nyuma kila mara kuangalia kazi yake.

Alipokwisha kuniamkia, nilimtania kwa ukali wa kialimu: je, fedha hiyo isingenunua kofia ngumu ya abiria? Akanijibu kwa upole, "Ya abiria ninayo, mwalimu. Haya mapambo ni kwa sababu jana nimekabidhiwa kadi."

Niliona haya. Msomaji anayeishi kwa mshahara huenda asitambue mara moja uzito wa neno hilo. Vijana wengi huendesha pikipiki ya tajiri kwa mkataba: kila siku au kila wiki hupeleka hesabu, na baada ya muda uliokubaliwa chombo huwa chao. Hadi siku hiyo kadi ya usajili hubaki kwa tajiri. Kijana huyu hakutaka kupamba mali ya mwenzake. Alingoja mpaka iwe yake.

Nilipoitazama tena pikipiki ile, nilikumbuka kwamba weusi wenye mng'ao si jambo geni Usukumani. Ndivyo zilivyokuwa baiskeli za babu zetu. Raleigh iliyotoka Nottingham, na baadaye Phoenix ya Shanghai, zilikuwa na fremu nyeusi, usukani na rimu vikimeta. Viwanda vilianza kupaka vyuma kromiamu katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo baiskeli ziling'arishwa kwa nikeli. Mng'ao huo una kazi pia, kwani tabaka hilo huzuia kutu. Lakini mwenye baiskeli aliyeifuta kwa kitambaa kila jioni hakuwaza kutu pekee. Alikuwa akitunza ushahidi wa mavuno yake.

Mavuno hayo yalikuwa pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilimo chake kilipanuka sana kusini mwa Ziwa Victoria, na baiskeli ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo fedha ya pamba ilinunua. Hata hivyo, mkulima alifikisha mzigo wake kwenye mizani asiyoiamini. Malalamiko kuhusu mizani ya wafanyabiashara ndiyo yaliyochochea vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakulima walitaka kuiona mizani kwa macho yao, na wakajipanga mpaka wakaipata.

Yaliyofuata tunayajua. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa makampuni binafsi. Baiskeli nayo ilibadilika ikawa chombo cha kubebea abiria. Jina bodaboda lilitoka kwa waendesha baiskeli wa mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia. Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, na mwaka 2010 Tanzania ikatoa kanuni za leseni za kubebea abiria kwa pikipiki. Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012, makao yake yakiwa Bariadi, bodaboda ilikuwa tayari ajira ya vijana ambao pamba peke yake haikuweza kuwatunza.

Hapa ndipo historia inapotudai jambo. Mizani ya leo ni mkataba. Mara nyingi hufungwa kwa mdomo, mbele ya shahidi mmoja au bila shahidi. Kijana akiugua wiki mbili karibu na mwisho wa malipo, tajiri anaweza kuchukua chombo, na hakuna karatasi itakayoonyesha kiasi alichokwisha kulipa. Jasho la miezi kumi linapotea kama kilo zilizopotea kwenye mizani ya zamani.

Maofisa wetu hupenda kuwahutubia vijana hawa kuhusu nidhamu na anasa. Naomba tuanze kwingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na vijana wana asilimia 4 humo. Vikundi vya vijiweni visaidiwe kuifikia, ili wanunue chombo bila kupitia kwa tajiri. Kwa wale wanaobaki kwenye mkataba, uandikwe, na kila hesabu ipate stakabadhi. Wanafunzi wangu wa sheria wanaweza kuandaa mfano wa mkataba huo kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja tu.

Pancha yangu ilipozibwa, kijana alikuwa bado anasugua kioo cha kushoto. Namba ya usajili aliiacha wazi, bila pambo lolote.