Shaba ya risasi katika mzigo wa chakavu: anayopaswa kujua mfanyabiashara wa Majanji na Busia

MAJANJI, Busia – Biashara ya shaba nyekundu ni miongoni mwa biashara za chakavu zenye faida kubwa mpakani mwa Uganda na Kenya. Mwezi Mei 2024 bei ya shaba katika soko la London ilipita dola za Marekani 10,000 kwa tani. Bei ikipanda namna hiyo, kila kipande chenye rangi ya shaba hutafuta njia ya kufika kwenye mizani, na baadhi ya vipande hivyo ni vichwa na maganda ya risasi.

Makala hii inaeleza vipande hivyo ni nini, sheria inavitazama vipi, na kwa nini karakana, dereva na mwenye duka la chakavu wanashauriwa kukaa navyo mbali.

Shaba na njia ya Tororo

Shaba si mgeni katika ukanda huu. Mgodi wa Kilembe, Kasese, ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese. Shaba iliyeyushwa Jinja, ikasafirishwa kwa reli kupitia Tororo hadi bandari ya Mombasa. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Siku hizi shaba inayopita njia hiyo nyingi ni chakavu: nyaya, mota mbovu, rejeta na mabomba. Tororo hupokea mizigo ya kutoka Mbale, Soroti, Lira na Karamoja. Upande wa kusini, barabara ya lami kutoka Musita kupitia Lumino hadi Busia na Majanji imeunganisha mwalo wa Majanji na barabara kuu. Kutoka Majanji, mitumbwi huvuka ziwa kwenda Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya.

Kaskazini mwa Uganda na Karamoja kulikuwa na vita na silaha nyingi kwa miaka mingi. Uganda ilitangazwa kuwa huru na mabomu ya kutegwa ardhini Desemba 2012, lakini mabaki ya risasi bado yanaweza kuchanganyika na vyuma vinavyookotwa mashambani.

Risasi imeundwa na nini

Katika Kiswahili neno "risasi" lina maana mbili: madini mazito ya kijivu, na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Risasi kamili ina sehemu nne: kichwa, ganda, baruti na fataki ya kuwashia.

Kichwa cha risasi ya kijeshi kwa kawaida kina madini ya risasi au chuma ndani, na gamba jembamba kwa nje. Gamba likiwa la shaba, huwa na shaba asilimia 90 hadi 95, na zinki. Viwandani bamba hukandamizwa ndani ya kalibu za chuma kigumu, ambazo mafundi huziita dai, mpaka lifunike kichwa. Ganda lenyewe likiwa la shaba ya njano huwa na shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Risasi nyingi za bunduki aina ya Kalashnikov zina gamba la chuma lililopakwa shaba kidogo tu, na maganda yake pia mara nyingi ni ya chuma. Sumaku huvinasa. Kichwa cha risasi hiyo ya milimita 7.62 kina uzito wa gramu 8 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni chuma na madini ya risasi. Anayenunua kilo nzima akidhani ni shaba nyekundu, amenunua hasara na kesi kwa pamoja.

Sheria inasemaje

Uganda, Kenya na nchi nyingine za kanda zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya silaha ndogo na nyepesi tarehe 21 Aprili 2004. Itifaki hiyo ilianza kutumika mwaka 2006, na inasimamiwa na taasisi ya RECSA yenye makao yake Nairobi. Katika tafsiri yake, "risasi" si ile iliyokamilika tu. Maganda, fataki, baruti na vichwa navyo huhesabiwa, pale sheria ya nchi husika inapotaka vitu hivyo viwe na kibali.

Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kwa sheria za silaha za Kenya na za Uganda. Viwanda vinavyojulikana ni vya serikali: Eldoret nchini Kenya, Nakasongola nchini Uganda na Mzinga, Morogoro, nchini Tanzania. Kwa hiyo fundi wa jua kali anayeletewa kazi ya kukereza dai ya kukandamizia magamba ya shaba, hata akiambiwa ni ya "vipuri" tu, ajue kwamba huenda anashirikishwa katika kosa zito.

Kwa upande wa forodha, shaba chakavu iko Sura ya 74 ya orodha ya ushuru, namba 7404. Silaha na risasi, pamoja na sehemu zake, ziko Sura ya 93, na ni bidhaa zenye masharti chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mzigo ulioandikwa 7404 ukikutwa na vitu vya Sura ya 93 ni tamko la uongo. Sheria hiyo inaruhusu pia chombo kilichobeba magendo kutaifishwa, liwe lori au mtumbwi.

Kenya inataka mfanyabiashara wa chakavu awe na leseni chini ya sheria ya mwaka 2015. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kukosa umeme, serikali ilisimamisha biashara yote ya chakavu hadi Mei mwaka huo. Wasiokuwa na kosa nao walifunga milango.

Hatari ya moto na moshi

Risasi nzima ikiingia kwenye tanuri hulipuka na kurusha vipande. Kuyeyusha vichwa ili kutenga shaba hutoa moshi wa madini ya risasi, ambao hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliathirika na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Mambo ya kufanya

1. Mwaga gunia chini na kuchambua kabla ya kupima. Usinunue gunia lililofungwa.

2. Pitisha sumaku. Kinachong'aa kama shaba lakini kinanaswa si shaba.

3. Ukikuta risasi, ganda au kitu usichokijua, usikate, usigonge, usichome. Waondoe watu na upige simu polisi.

4. Andika jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, uzito na tarehe. Daftari ndilo shahidi wa mwenye duka.

5. Dereva ashuhudie upakiaji na apewe nakala ya orodha ya mzigo. Akizuiwa Busia au Malaba, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

6. Mwenye mtumbwi Majanji asikubali gunia la chuma lisilo na mwenyewe, hata nauli ikiwa nzuri kiasi gani.

Gramu chache za shaba haziwezi kulipia lori lililozuiliwa kituoni wiki tatu, sembuse lililotaifishwa.