Waquaker wa Pemba: Uhuru wa Kuomba Mahakamani

Wadau wa Musoma, Bunda na Butiama, Wamenonite mnawajua, wale waliofika Shirati 1934. Sasa wapo wenzao wa kukataa vita, Waquaker kutoka Uingereza, waliotua Pemba mapema zaidi, 1897.

Aprili mwaka huo Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitangaza sheria haitambui tena utumwa. Ila usidhani watu waliamka wakiwa huru, thubutu! Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na fidia anapewa bwana, sio yeye. Masuria ndio kabisa, walisubiri hadi 1909. Halafu ukishaachwa huru unaenda wapi, wakati shamba la bwana na kibanda cha bwana?

Ndipo Waquaker wakanunua shamba la karafuu pale Banani, walioachwa huru wakawa wanafanya kazi kwa ujira. Kwa asili, nyumba ya ibada ya Waquaker wa Uingereza haina altare wala padri: watu wanakaa kimya, na yeyote akiguswa anasema. Tusiwapambe sana lakini. Shamba lilikuwa la Mzungu, mchumaji akabaki mchumaji.